Santa Sabina: Ukumbi wa Kirumi Uliofanywa Kanisa

Ndugu wasikilizaji,

Wengi hudhani kwamba Wakristo wa Roma walipopata uhuru wa kujenga waliiga mahekalu ya wapagani. Lakini hekalu lilikuwa makao ya sanamu ya mungu, na sadaka zilichinjwa nje, mbele ya ngazi. Wakristo walitaka kuingia wote, wasikilize Maandiko na kushiriki meza moja. Kwa hiyo walichukua umbo la basilika, ukumbi wa umma ambamo kesi zilisikilizwa na biashara kufanywa.

Umbo hilo linaonekana vizuri katika Santa Sabina, juu ya kilima cha Aventino. Maandishi ya mozaiki yaliyo juu ya mlango, kwa upande wa ndani, yenye herufi za dhahabu, yanasema kuwa kanisa lilianzishwa na padre Petro wa Iliria wakati wa Papa Celestino I (422–432), na yanamsifu padre huyo kuwa tajiri kwa maskini na maskini kwa nafsi yake. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu Wagothi waupore mji mwaka 410, na bado nguvu ya kujenga ilikuwapo!

Ndani, nguzo 24 za marumaru, zilizochongwa mifereji, zilitolewa katika jengo la zamani zaidi. Juu yake hakuna boriti ya mawe iliyolala. Matao yameegemezwa moja kwa moja kwenye vichwa vya nguzo, na ukuta wa juu, wenye madirisha makubwa, unakuwa mwepesi machoni.

Hata hivyo, mimi hukawia zaidi mlangoni. Milango ya mbao ya karne ya 5 ingali na vibao 18 vya awali, na kimojawapo kina mojawapo ya michoro ya kale kabisa ya kusulubiwa tuliyo nayo: Kristo yuko kati ya wahalifu wawili, mikono imekunjuliwa, macho yako wazi, na msalaba wenyewe hauonekani kwa urahisi. Huenda adhabu hiyo ilikuwa bado aibu kubwa mno kuchongwa waziwazi.

Mwaka 1587 msanifu majengo Domenico Fontana aliyabadilisha mengi ndani ya kanisa hili. Katika karne ya 20 msanifu mwingine, Antonio Muñoz, aliyaondoa mabadiliko hayo na kufungua tena madirisha yaliyokuwa yamezibwa, kazi ambayo naiunga mkono, ijapokuwa ilifuta historia ya zaidi ya miaka 300.