Mchi wa Pili: mazungumzo na maprodyuza vijana, Tabora

Mwangaluka! Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Nyie wa nyuma mnaochezea simu, mambo?

Nimeambiwa nieleze prodyuza anapataje sauti yake. Wazee wetu walikuwa na neno tamu zaidi: mtindo. Bendi ya Western Jazz walikuwa na saboso. Tabora Jazz, wa hapahapa kwetu, segere matata. Na mtindo haukuwa mali ya mwimbaji peke yake. Ukifungua redio katikati ya wimbo, magitaa na tumba vilishakwambia uko kwa nani kabla mwimbaji hajarudi.

Mimi naanza kazi sikuwa na mtindo, nilikuwa na flashi. Imejaa milio ya ngoma ya kupakua, kiki na sneya. Msanii akija, "Bro, nipigie kama ile ya fulani", nampigia. Amapiano ilipotufikia kutoka Afrika Kusini, ile besi ya logidramu nikaitia kila mahali, hadi kwenye kwaya. Kwaya ile ilinilipa nusu, na walikuwa na haki.

Flashi ikaungua. Sikuwa na nakala, msicheke. Kazi ya watu natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Uani, pale Isevya nilipopanga, mama mwenye nyumba na binti yake wanatwanga mahindi: kinu kimoja, michi miwili, kwa kupokezana. Nikaegesha simu juu ya ndoo, nikarekodi kama dakika mbili.

Kwenye kompyuta nikafanya tunachofanya wote: chagua mapigo yote, bonyeza kwantaizi, kila pigo likae kwenye mstari wake. Kinu kikafa palepale. Ikawa saa ya ukutani.

Nikarudisha, nikayavuta mawimbi karibu. Mchi wa mama unatua kwenye mstari. Wa binti unachelewa. Kidogo mno, lakini kila mara, na kwa kiasi kilekile, maana anamsubiri mama autoe wake kinuni. Kiuno kilikuwa kinachezeshwa na kale kausubirifu. Manyanga nayo ndivyo yalivyo: mkono unatangulia, mbegu zinafuata nyuma.

Sasa msitoke hapa mkatafute vinu! Kuna watu wanapachika ngoma ya asili juu ya biti ya kuazima wakidhani wameshakuwa wa kwao. Hiyo ni kuvaa kofia. Kinu chenyewe nilikiondoa kwenye kazi zangu zamani. Nilichobaki nacho ni ule uchelewaji: sneya naisogeza nyuma kwa mkono, moja moja, na besi naiambia inyamaze hadi sneya itue. Inachosha macho. Wasanii wengine wanadhani kompyuta yangu nzito.

Ile rekodi ya uani ninayo hapa. Kijana wa mitambo, ongeza spika ya kushoto kidogo. Msipige makofi, mtaniharibia. Sikilizeni mchi wa pili.