Insulini Bila Friji: Mtoto Mwenye Kisukari Visiwani Lamu

MWANAIDI: Assalaam alaykum, wasikilizaji. Leo ni kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachompata mtoto kongosho lake linapoacha kutoa insulini. Mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, na mtoto wa Nairobi dawa yao ni ile ile. Bwana Swaleh, mbona hali zao hazifanani?

SWALEH: Waalaykum salaam, Bi Mwanaidi. Tazama kichupa chenyewe cha insulini. Mililita 10, yuniti 1,000. Mtoto wa kilo 20 hutumia yuniti 10 hadi 20 kwa siku, na kichupa kikishafunguliwa ni cha wiki 4 tu. Mara nyingi karibu nusu ya dawa, au zaidi, inabaki. Mzazi asiye na kitu hawezi kuimwaga, ataendelea nayo mwezi wa pili na wa tatu. Dawa imekwisha kupungua nguvu, sukari inapanda, na akifika kliniki anaambiwa mtoto hachomwi sindano.

MWANAIDI: Hilo linauma sana, maana huenda mama huyo hajakosa sindano hata moja. Na wasio na friji?

SWALEH: Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8; hicho kikae friji ya zahanati. Kinachotumika ni habari nyingine. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki 4 insulini ilikuwa bado na nguvu yake. Kwa hiyo tia chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, kikae kivulini penye upepo. Kichupa kifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, kiwekwe ndani ya kile chungu kidogo. Ila hewa ya pwani ina unyevu, maji hayakauki upesi, basi utapunguza nyuzi chache tu. Usikifanye ghala la miezi.

MWANAIDI: Wavuvi wana barafu, na kuna wanaokitia humo humo.

SWALEH: Hapo dawa imekufa! Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Safarini kizungushiwe kitambaa kizito, kisigusane na barafu.

MWANAIDI: Sirinji?

SWALEH: Soma maandishi yake. Dawa ya U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, ivutwe kwa sirinji ya U-100. Ukiivuta kwa sirinji ya U-40, ya dawa ya yuniti 40 kwa mililita, hadi alama ya 10, mtoto amepata yuniti 25. Hiyo yaweza kuua.

MWANAIDI: Sasa tuje kwenye chakula, kwa sababu naona hapa ndipo umaskini unapomwumiza mtoto zaidi. Insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole pamoja, huchomwa nusu saa kabla ya kula. Kusi ikivuma boti hazitoki, na sufuria haipandi jikoni. Mzazi anaogopa sukari itashuka, anaacha sindano kabisa.

SWALEH: Na woga wake una msingi. Lakini kuacha kabisa kunaleta sumu ya asidi kwenye damu, pengine ndani ya siku moja. Chakula kionekane kwanza, ndipo sindano. Na kliniki imwandikie mzazi mapema kipimo cha siku ya chakula kidogo, asikibuni mwenyewe.

MWANAIDI: Sukari ikishuka?

SWALEH: Mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupima sukari, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, ngoja dakika 15, pima tena, kisha ale. Kama huna vijiti vya kupimia, mpe sukari vivyo hivyo. Akizimia asinyweshwe kitu: mlaze ubavu, mpakaze asali kidogo ndani ya shavu, mkimbize hospitali.

MWANAIDI: Na yule ambaye bado hajagunduliwa? Anatapika, anahema kwa nguvu, anatibiwa malaria.

SWALEH: Pumzi ikinuka kama matunda, usiku ule ule apelekwe. Lakini dalili hutangulia: anakunywa maji mno, anakojoa mno, anakonda, na aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Tone moja la damu kidoleni linatosha. Mzazi adai apimwe sukari siku hiyo hiyo, kabla boti ya mwisho ya kwenda Amu, mji wa Lamu, haijang'oa nanga.