Kutunga fumbo la maneno la Kiswahili na kulicheza kundini

Karibuni watazamaji. Leo tunatunga fumbo la maneno la visanduku 5 kwa 5, kisha tunalirusha kwenye kundi la WhatsApp ili watu walijibu pamoja bila mmoja kuwaharibia wengine utamu. Weka karibu daftari la hesabu lenye mirabamiraba, penseli, kifutio na kamusi. Kamusi iwe moja tu. Sababu yake inakuja.

Tuanze na jedwali. Chora mraba wa visanduku 5 kwa 5, jumla 25. Paka rangi nyeusi visanduku vinne: cha pili na cha nne katika mstari wa 2, na cha pili na cha nne katika mstari wa 4. Hapo utabaki na maneno sita ya herufi tano tano, matatu ya mlalo na matatu ya wima.

Mbona tusijaze jedwali lote kama wafanyavyo Wamarekani? Fumbo la kwanza la aina hii lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, mtungaji akiwa Arthur Wynne, na baadaye Wamarekani wakajiwekea sharti kwamba kila herufi ipitiwe na maneno mawili. Kiingereza kinaweza, kwa sababu maneno yake humalizikia kwa herufi yoyote. Maneno ya Kiswahili, karibu yote, humalizikia kwa irabu. Panga maneno manne ya mlalo moja chini ya jingine, halafu tazama safu ya mwisho kulia: A, I, U, A. Neno gani hilo? Maneno ya irabu tupu tunayo machache mno, kama UA na OA. Ndiyo maana wengi wanaoiga majedwali ya Kimarekani hukwama kwenye kona ya chini kulia, wakaishia kuweka vifupisho ambavyo hakuna anayevijua. Tumia mtindo wa Waingereza, wa visanduku vyeusi vinavyopishana na vyeupe.

Sasa kuna siri moja ya maneno ya herufi tano, na ukiishika hutakwama tena. Andika K kwa konsonanti na I kwa irabu. Maneno mengi ya herufi tano yanaingia katika maumbo matatu:

KIKKI: SIMBA, KAMBA, RANGI, PUNDA, MOSHI.
KKIKI: NYOTA, NDEGE, MKATE, SHOKA, MPIRA.
IKIKI: AKILI, UPEPO, ELIMU, UKUTA, IMANI.

Yapo mengine kama TAIFA na JOGOO, lakini leo tuyaache.

Katika jedwali letu kila umbo lina mahali pake. Mstari wa juu na safu ya kushoto ni KIKKI. Mstari wa kati na safu ya kati ni KKIKI. Mstari wa chini na safu ya kulia ni IKIKI. Hakikisha mwenyewe kwa penseli: safu ya kulia inapokea herufi za mwisho za mistari mitatu, nazo zote ni irabu, kwa hiyo nafasi ya 1, ya 3 na ya 5 lazima ziwe irabu. Mstari wa chini ni hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza ya kujaza: anza mwisho. Usianze na 1 Mlalo hata kama una neno zuri linalokuwasha vidole. Nenda kona ya chini kulia, uchague maneno mawili ya IKIKI yanayoishia kwa irabu moja. Sisi tunaweka UGALI wima upande wa kulia, na ASALI mlalo chini. Yanakutana kwenye I.

Hatua ya pili ni katikati. Mstari wa kati sasa lazima uishie kwa A, maana ndiyo herufi ya tatu ya UGALI. Safu ya kati nayo iishie kwa A, kwa sababu ya ASALI. Tafuta maneno mawili ya KKIKI yenye irabu moja ya katikati. Tunaweka NYOKA mlalo na NGOMA wima, yanakutana kwenye O.

Hapa angalia herufi ya kwanza ya maneno haya ya kati, kwa sababu itakuwa herufi ya tatu ya maneno ya KIKKI. Yakianza na N au M huna shida: NG, ND, NJ na MB zimejaa katikati ya maneno yetu. S na C zinawezekana, kwa kutumia maneno kama MOSHI na PACHA. Ukiweka KWALE katikati utabaki na maneno machache ya KIKKI yenye herufi K nafasi ya tatu, kama FIKRA na SEKTA.

Hatua ya tatu, kona ya juu kushoto. Mstari wa juu una N nafasi ya tatu na U mwisho: TUNDU, FUNGU, WINGU. Safu ya kushoto ina N nafasi ya tatu na A mwisho: TANGA, PUNDA, FUNDA, WINDA. Yanayoanza na herufi moja ndiyo yanaoana. WINGU na WINDA yangefaa. Sisi tunachukua TUNDU na TANGA. TUNDU na TUNDA yangekubali pia, lakini maneno yanayofanana hivyo kwenye jedwali dogo yanaonekana ya kivivu.

Jedwali lililojaa hili hapa kwenye skrini, alama # ni kisanduku cheusi:

T U N D U
A # G # G
N Y O K A
G # M # L
A S A L I

Namba zinawekwa pale neno linapoanzia, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha unashuka mstari. Kwa hiyo 1 ni T ya juu, inayoanzisha TUNDU na TANGA. 2 ni N ya NGOMA, 3 ni U ya UGALI, 4 ni N ya NYOKA, 5 ni A ya ASALI. Kosa la kawaida ni kumaliza kwanza namba za mlalo halafu ndipo wima. Mjibuji atapotea papo hapo.

Kuhusu herufi: kila kisanduku herufi moja. NY ni visanduku viwili, CH viwili, DH viwili. Ritifaa haina kisanduku, hivyo NG'OMBE ina visanduku sita. Baadhi ya mafumbo ya watoto wa shule huweka silabi nzima katika kila kisanduku. Ni mchezo mzuri, ila usiuchanganye na huu. Andika sharti hili juu ya fumbo lako kila mara, kwa sababu kundini huingia watu wapya.

Tuje kwenye vidokezo, na hapa tusiharakishe. Katika jedwali letu kuna visanduku vyeupe 21, na 9 tu ndivyo vinavyopitiwa na maneno mawili. Kila neno lina herufi tatu zenye shahidi, yaani neno la pili linalozipitia, na mbili zisizo naye. Mtu akipata T.N.A, nukta zikiwa herufi asizozijua, anaweza kuweka TANGA, TUNDA, TENDA, TUNGA au TUNZA. N.O.A inakubali NYOKA, NGOMA na NYOTA. A.A.I ni ASALI au AMANI. U.A.I ni UGALI au UTANI. Jedwali halitamsaidia kuchagua. Kidokezo ndicho kitakachofunga mlango. "Kitu kizuri (5)", yaani neno la herufi tano, si kidokezo.

Kidokezo kinaweza kuwa methali yenye pengo, matumizi ya kitu, au neno lenye maana mbili. Tumeandika hivi:

Mlalo
1. Sindano ina moja, chujio lina mengi (5)
4. Aliyeumwa naye hushtukia hata ung'ongo (5)
5. Ukimfuata nyuki utaila (5)

Wima
1. Bandari ya Tanzania. Au kinasa upepo cha jahazi (5)
2. Ikivuma sana hupasuka (5)
3. Husongwa kwa mwiko (5)

Tazama 5 Mlalo. "Utaila" imeshatoa ngeli, na AMANI hailiki. Upatanisho wa sarufi katika kidokezo ni sehemu ya jibu. Kidokezo kikisema "mengi", mjibuji ana haki ya kutafuta neno linalokubali "mengi". Ukikosea upatanisho hujakosea sarufi peke yake, umemdanganya mtu, na kundini utaambiwa. Umoja na wingi vivyo hivyo: jibu likiwa MATUNDU, kidokezo kiwe cha wingi. Kitenzi kiwekwe bila KU: PIKA, si KUPIKA. Ukiruhusu KU, NINA na ANA utaweza kujaza jedwali lolote kwa dakika mbili, na hakuna atakayefurahia kulijibu.

Ile kamusi moja sasa. Chagua Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na kundi likubali kwamba hiyo ndiyo mwamuzi. Bila mwamuzi, mzozo wa tahajia hula jioni nzima. Neno la mahali fulani lipewe alama: ukitaka TUNGULE, andika "Nyanya ya Unguja (7)". Mtu wa Eldoret au Lubumbashi hatalijua vinginevyo, na wala si kosa lake.

Fumbo tayari, tulirushe. Piga picha ya jedwali tupu lenye namba, mwanga utoke upande ili kivuli cha mkono kisifunike visanduku. Vidokezo viandike kama maandishi, visiwe ndani ya picha, ili watu waweze kunakili. Ukitaka kuchora jedwali kwa herufi ndani ya ujumbe, weka alama ya ` mara tatu mwanzoni na mara tatu mwishoni. Hapo herufi zote zinakuwa na upana mmoja na safu zinanyooka. Bila hivyo I itakuwa nyembamba, M pana, na safu zitapinda. Soma kila kidokezo mara moja zaidi mara tu unapotuma, maana WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu. Baada ya hapo tuma ujumbe mpya unaoanza na neno SAHIHISHO. Kisha bandika ujumbe wa fumbo juu ya kundi kwa saa 24, la sivyo utazikwa chini ya salamu za asubuhi.

Lugha ya kundini iwe fupi. 4M ni 4 Mlalo, 2W ni 2 Wima. Herufi usizozijua ziandike kwa nukta: N.O.A. Usitumie mistari ya chini, kwa sababu WhatsApp ikikuta herufi kati ya mistari miwili ya chini huweza kuiinamisha na kuifuta mistari yenyewe, na nyota nazo hukoleza maandishi. Zima pia kisahihishaji cha Kiingereza kwenye kibodi, au uongeze kibodi ya Kiswahili. Bila hivyo simu itakubadilishia jibu sahihi likawa neno la ajabu.

Mtu akikwama anaandika: "4M, nina N.O.A, naomba msaada." Anayejibu asitaje neno. Kwanza ampe ngeli au jamii ya kitu: "ni kiumbe". Akikwama bado, ampe herufi moja isiyo na shahidi, hapa Y au K. Akishindwa kabisa, tunafuata desturi ya vitendawili: anatoa mji. Aandike "nakupa mji", autaje, na mtungaji amtumie jibu faragha. Ni adabu tuliyoikuta tayari, na inafanya kazi kundini vizuri kuliko sheria ndefu za msimamizi.

Jibu lenyewe halifichiki kirahisi. Kwenye Telegram unaweza kulifunika kwa kuweka alama || kabla na baada yake, mpaka mtu aligonge. WhatsApp haina kifuniko hicho, na arifa huonyesha mwanzo wa ujumbe hata kwa asiyefungua kundi. Njia iliyo salama zaidi ni ujumbe wa sauti: anayetaka kusikia ataubonyeza, asiyetaka atapita. Mbele yake tuma maandishi "Sauti inayofuata ni jibu la 4M".

Mwisho, saa ya kufungua majibu yote. Taja saa pamoja na mahali. Saa 3 usiku ya Nairobi na Dar es Salaam ni saa 2 Bujumbura na Lubumbashi, saa 1 Kinshasa, na saa 4 Muscat. "Saa 3 usiku" bila mahali imeshawafungulia watu majibu wakiwa bado wanakula.

Hili hapa la kufanyia mazoezi, jedwali lile lile, visanduku vyeusi pale pale. Majibu kwenye maoni yawe kwa nukta na herufi mbili tu, tafadhali.

Mlalo
1. Hutimka gari likipita barabara ya udongo (5)
4. Hula nyasi za baharini na hunyonyesha mwanawe (5)
5. Ni nywele, kila mtu ana zake (5)

Wima
1. Ukiifanyia hivi sheria, utashtakiwa (5)
2. Huyu huchungwa, hii hukunia nazi (5)
3. Muumini hawi muumini bila hii (5)