Maji ya Dafu Yanatoka Seli Gani?

Wazee wangu, ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Leo tunauliza seli ya mmea inajuaje itakuwa nini, nami nitapitia dafu, maana hapa Mombasa hakuna asiyelijua.

Ndani ya ua la kike la mnazi mna ovuli, kijumba kinachokuja kuwa mbegu, na ndani ya ovuli mna mfuko mdogo wenye seli chache. Moja ni yai. Ubavuni pake zipo mbili za usaidizi, na katikati seli kubwa yenye viini viwili. Zote zimetokana na seli moja na jeni zao ni zile zile. Nani basi kaiambia hii iwe yai, na ile isiwe?

Zinaambiana zenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa mmea mdogo uitwao Arabidopsis walieleza jeni waliyoiita LACHESIS. Ikiharibika, seli za usaidizi, na hata ile ya katikati, huanza kujifanya mayai. Kumbe kila jirani angeweza kuwa yai, ila upo ujumbe unaomzuia! Jambo hili hunistaajabisha kila ninapolisoma.

Seli za usaidizi nazo hutoa protini ndogo, LURE, zinazouvuta mrija wa chavua, ule unaoota kutoka chembe ya chavua. Tetsuya Higashiyama na wenzake, huko Japani, walizichoma seli hizo za usaidizi kwa leza katika ua la Torenia. Zilipokufa zote mbili, mirija haikuvutwa tena. Protini zenyewe walizitangaza mwaka 2009.

Mrija ukifika hupasuka na kutoa seli mbili za kiume. Moja huungana na yai, likawa kiinitete, yaani mmea mchanga, kile kidogo kilichojificha chini ya jicho la nazi. Ya pili huungana na seli ya katikati, na hapo ndipo dafu linapoanzia. Viini hugawanyika tena na tena bila kuta za seli kuvitenga, vikielea katika maji yale yale ya dafu. Baadaye kuta hujengwa kuanzia pembeni, na nyama laini ikatanda ndani ya kifuu. Kitale, dafu, koroma, nazi: tishu ni ile ile, chakula cha kiinitete.

Maji hayo yana saitokinini, homoni zinazohimiza seli kugawanyika. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek alilelea viinitete vichanga vya mmea wa Datura kwa maji ya nazi. Kufikia 1958, F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikwisha kupata mimea mizima kutokana na seli za mzizi wa karoti zilizokuzwa kwa maji hayo. Seli za mnazi wenyewe ni kaidi zaidi maabarani, ndiyo maana mkulima wa Pwani bado anaotesha mche wake kwa nazi nzima.