Vincent wa Paulo na daftari la zamu

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo na havilipiwi.

Mwenyekiti ameniomba nieleze maisha na urithi wa somo wa chama chetu cha kuhudumia maskini, Mtakatifu Vincent wa Paulo. Maisha yake mnayasikia kila tarehe 27 Septemba: mtoto wa mkulima, kazaliwa mwaka 1581 kijijini Pouy, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kafariki Paris mwaka 1660, katangazwa mtakatifu mwaka 1737. Nayaruka. Nitagusa kitu kimoja tu, maana wapo humu wanaodhani watakatifu huzaliwa na taji kichwani. Huyu alipewa upadre mwaka 1600, ana miaka 19, kabla ya umri uliotakiwa, na kilichomkimbiza si huruma kwa maskini. Alitaka nafasi yenye kipato. Mwaka 1610 bado anamwandikia mama yake kwamba anategemea kupata cheo cha maana ili arudi nyumbani awatunze. Na mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alipokuwa shuleni Dax baba yake alikuja kumtembelea, mzee anachechemea, kavaa nguo duni, naye akakataa kutoka kuongea naye. Aliona aibu. Kwa hiyo wewe kijana wa Mbezi uliyewaambia rafiki zako "huyo ni dada wa kazi", kumbe ni mama yako mdogo katoka Mahenge, usikate tamaa, bado una nafasi.

Ninalotaka kusema leo ni habari ya Châtillon. Najua. Mwaka jana nilisema Châtillon, kwenye semina ya Kwaresima nikasema Châtillon. Nitaisema hadi mnichoke, na mkinichoka nitaisema tena.

Ni Agosti 1617. Vincent ni paroko kwenye mji huo mdogo, upande wa Lyon. Jumapili anavaa mavazi ya Misa, mara anakuja mtu na habari: kuna nyumba iko peke yake nje ya mji, familia nzima inaumwa, hakuna wa kumpa mwenzake hata maji. Anawataja kwenye mahubiri. Jioni, baada ya masifu, anaondoka mwenyewe kwenda kuwaona. Njiani anakuta wanawake waliosikia mahubiri, wanapeleka vyakula. Wapo wanaokwenda, wapo wanaorudi, wengine wamekaa kando ya njia wanapumzika maana ni kiangazi na jua ni kali. Walikuwa wengi kiasi kwamba, anasema mwenyewe, ungedhani ni maandamano.

Ingekuwa sisi? Tungepiga picha ya pamoja mbele ya bango. Tungerusha kwenye kundi la WhatsApp, watu waweke mikono ya kupiga makofi. Vincent yeye akatazama lile rundo la vyakula akaona kasoro. Vyote vimefika siku moja. Vingine vitaharibika, na baada ya siku chache familia ileile italala na njaa. Huruma ilikuwa tele, hakukuwa na mpangilio. Wiki hiyohiyo akawakusanya wale wanawake, akawaambia wapeane zamu, kila mmoja na siku yake, na wasiishie kwa familia ile tu. Kufikia Desemba chama kina kanuni iliyoandikwa na kuidhinishwa.

Kanuni ile, Baba Paroko anisamehe, nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vingine vitakatifu vya nyumbani kwangu. Mwenye zamu achukue mahitaji kwa mweka hazina, apike, ampelekee mgonjwa. Akifika amsalimie kwa uchangamfu. Aweke sinia kitandani, juu yake kitambaa, kikombe, kijiko na mkate. Amnawishe mgonjwa mikono, wasali. Amkatie nyama vipande vidogo. Ambembeleze ale. Padre mzima anakaa kuandika habari za kukata nyama! Na fedha ziwekwe kwenye sanduku la kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mama mkuu wa chama, mwingine kwa mweka hazina. (Kicheko.) Mnacheka nini? Ni nani aliyewajia akilini?

Halafu kuna agizo moja ambalo huwa linaninyima usingizi: mwenye zamu aanze na mgonjwa aliye na mtu wa kumwangalia, amalizie na yule aliye peke yake, ili huyo apate kukaa naye muda mrefu zaidi.

Sisi tunafanyaje? Tunaanza na nyumba iliyo karibu na lami, yenye sebule, tunawekewa soda, stori zinanoga. Ya mwisho ni ile ya bondeni, ya kuruka mitaro ya maji machafu. Tukifika giza linaingia, watu wanawaza foleni ya Mbagala. Baba Yetu moja ya mbiombio, mfuko wa sukari mezani, tumetoka. Tena huyo ndiye asiye na mtu.

Nitoe mfano, mtaa siutaji. Pasaka moja tulikwenda kwa bibi mmoja anayeishi chumba kimoja. Jumuiya yetu ikapeleka sukari. Jumuiya jirani, ambayo haikujua, nayo ikapeleka sukari. Vijana wakapeleka soda na biskuti. Bibi ana kisukari. Hakuna aliyeuliza. Niliporudi, siku zimepita, mifuko imepangwa chini ya kitanda vilevile, sisimizi wamepiga mstari kutoka dirishani hadi pale. Ndoo haina maji. Siku ya kliniki imempita kwa kukosa mtu wa kumshika mkono mpaka kituo cha daladala. Na aliyekuwa akimkorogea uji asubuhi, msininunie, ni jirani yake Mwislamu, mama muuza vitumbua, asiye na sare wala bango. Alikuwa anaamka saa kumi kwa ajili ya biashara yake, akishamaliza kuchoma anapita kwa bibi. Kila siku.

Mtaniambia kupanga ni mambo ya Wazungu. Nani humu hajakaa kwenye kamati ya harusi? Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, watu wa chakula, watu wa mapambo. Vikao kila Jumapili. Ahadi inaandikwa kwa jina, na usipoilipa unakumbushwa kwenye kundi mchana kweupe mpaka unaona haya. Mnajua sahani ngapi, soda ngapi, nani anakaa meza ya mbele. Yote hayo kwa usiku mmoja wa kula na kucheza. Mgonjwa aliyelala mwaka wa tatu anaambiwa "tutaona, Mungu ni mwema".

Kuna mzee wangu, namwona kakaa pale, kila mara huuliza: je, hatutawazoesha watu uvivu? Shikamoo mzee. Bibi mwenye vidonda vya miguu tunamzoesha uvivu gani? Vincent hakuwa mjinga wa mambo hayo. Vita vilipoharibu mikoa ya Picardy na Champagne huko Ufaransa, watu wake walipeleka supu na nguo, na pia mbegu na zana, ili anayeweza kulima alime. Kwetu hapa itakuwa cherehani, mtaji wa genge, ada ya chuo cha ufundi. Lakini hilo nalo linataka kuandikwa: nani kapewa, nani anamfuatilia, biashara imefika wapi. Tumetoa vyerehani mara ngapi tukaja kusikia vimeuzwa? Cherehani haina kosa. Hatukurudi kuuliza.

Naona mwenyekiti anatazama saa, basi niende haraka. Wanaosema hii ni kazi ya masista: mwaka 1633 Vincent na Louise de Marillac walipoanzisha Mabinti wa Upendo, chama cha wanawake wa kuhudumia maskini, watawa wa kike walitakiwa kukaa ndani ya kuta. Ndiyo maana Vincent akasisitiza kwamba hawa si watawa, monasteri yao ni nyumba za wagonjwa na ua wao ni mitaa ya jiji. Na aliyewatangulia, Marguerite Naseau, alikuwa mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma kwa kuwasimamisha wapita njia awaulize herufi. Huyo anastahili mhadhara wake peke yake. Alikufa mwaka huohuo wa 1633 kwa tauni, baada ya kumlaza kitandani kwake mwanamke aliyekuwa nayo.

Watoto waliotupwa na wafungwa wa kupiga makasia aliowahudumia Vincent, hao nawaacha. Frédéric Ozanam, yule mwanafunzi wa chuo, pia, ila kwa vijana niseme tu kwamba alianza chama chetu Paris tarehe 23 Aprili 1833, siku aliyotimiza miaka 20, na hakuanza na fedha wala ofisi. Walianza kwa kwenda kwenye nyumba za maskini walizoelekezwa na Sista Rosalie Rendu.

Sasa la kwenda nalo. Nimeacha kaunta buku pale mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi, maana tunajuana. Kuna majina ya wagonjwa wa kanda yetu, anachotumia na asichotumia kila mmoja, na safu za siku. Jumamosi imeshajaa, kila mtu anataka Jumamosi. Jumatano asubuhi, siku ya kliniki, haina mtu. Bwana harusi wetu mtarajiwa yuko wapi? Ee, simama tukuone. Kamati yako nimeiona kwenye kundi, ina watu kibao. Nipe wawili wa Jumatano.