Mishigi Wawili wa Buluu, na kwa Nini Tumtazame Jike

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo ninao ndege wawili tu: mshigi mashavu-mekundu na mshigi kichwa-buluu. Wote wana urefu wa sentimita 13 hivi, wote huokota mbegu za nyasi chini, na vifua vyao ni buluu ya angani.

Madume hawasumbui. Mwenye doa jekundu shavuni na utosi wa kahawia ni mashavu-mekundu. Ambaye kichwa kizima ni buluu, bila doa, ni yule wa pili.

Kazi iko kwa majike, na hapo ndipo orodha zetu nyingi za ndege tuliowaona huharibika. Jike wa mashavu-mekundu hana doa. Jike wa kichwa-buluu naye hana kofia kamili. Buluu yake huishia usoni na kwenye paji, utosi ukabaki wa kahawia. Basi mtazameni mdomo: wa kichwa-buluu umekolea uwaridi, wa mwenzake umefifia kuelekea kijivu. Kisha subirini dume wake ajitokeze, kwa kuwa mishigi hupenda kutembea wawili wawili. Na mkiwa kusini mwa Tanzania muongeze uangalifu, maana huko yupo mshigi wa tatu ambaye hata dume wake hana doa shavuni!

Makazi nayo husaidia, ila si sana. Mashavu-mekundu ameenea kuanzia Senegali hadi Zambia, na huingia mashambani mpaka bustani za mijini. Kichwa-buluu ni wa nyika kavu, kwenye migunga, kutoka Somalia na Kenya hadi katikati ya Tanzania. Lakini Tarangire wapo wote wawili.

Sasa jambo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 2015 watafiti wa Japani na Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwapiga picha kichwa-buluu kwa kamera ya kasi, picha 300 kwa sekunde. Ndege anayechumbia hushika unyasi mdomoni, huimba, huruka-ruka, na miguu yake hugonga kitawi haraka kiasi kwamba macho yetu hayaoni. Huongeza mapigo hayo mwenzi akiwa kwenye kitawi hichohicho, huenda ili ayasikie kwa miguu. Na majike hucheza vilevile, wakiimba. Kwa hiyo mkimwona mshigi ameshika unyasi anaruka-ruka, msikimbilie kuandika "dume". Tazameni kwanza utosi na shavu.