Magunia mawili ya Somoe na mchanga wa Bibi

SOMOE: Mtwara kuchele!

BAKARI: Kuchele! Wa Lindi, wa Masasi, wa Newala, na nyie mlioko Dar mnaotusikiliza kwenye foleni, karibuni.

SOMOE: Leo Jumatano, tarehe 3 Desemba 2025. Kaka yenu Bakari ameingia hapa hajanipa hata salamu ya maana.

BAKARI: Salamu nimekupa, dada. Nina swali nimelibeba tangu Jumapili, ndiyo maana sura iko hivi.

SOMOE: Basi niliseme mwenyewe kabla hajanianza. Jumamosi mama yangu kule Nanyamba kaingiziwa pesa ya korosho, akanitumia fungu langu. Pesa ilipoingia tu, nikaenda duka la jumla. Sembe magunia mawili ya kilo 25. Mchele kilo 50. Dumu la mafuta la lita 20. Maharage, chumvi, sabuni, sukari kilo 10.

BAKARI: Usiseme "sukari" kwenye kipindi hiki.

SOMOE: Haya, mchanga kilo 10. Wageni msishangae, hiyo tutawaeleza. Nikapakia kwenye guta, tukashuka nalo Magomeni ya hapa Mtwara saa kumi jioni, watu wote wako barazani. Jirani yangu ananiuliza, "Mama Rehema, kuna nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, naweka ndani tu."

BAKARI: Hakuna kitu, na guta limelalia upande mmoja!

SOMOE: Ndivyo nilivyomjibu, na ndivyo ilivyokuwa. Sina habari yoyote ya siri. Nasikia mnayoyasikia nyote: sherehe za Uhuru za tarehe 9 zimefutwa, kila mtu ana lake la kusema kuhusu siku hiyo, na mtandao tuliuona ulivyozimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba. Nina watoto watatu. Nikaweka ndani.

BAKARI: Sasa niwaambie Jumapili mimi nimeona nini. Nimekwenda duka la pale kwenye kona, mtaa huohuo wa Somoe, kumchukulia mama yangu unga. Saa tano asubuhi. Kilo iliyokuwa 1,500 imefika 1,800, na mwenye duka ananiambia mfuko uliobaki ni mmoja. Ngano hakuna kabisa. Yule mama wa maandazi amekaa kwenye kigoda chake, karai halijabandikwa. Halafu kaingia mtoto, wa miaka minane hivi, kashika mia nane. Katumwa nusu kilo. Kaambiwa nusu kilo ni 900. Akasimama. Hakulia, alisimama tu, kisha akarudi kwao na mia nane yake mkononi.

SOMOE: Ungemwongezea.

BAKARI: Nilimkimbilia nikamwongezea, dada, hilo si la kuulizana. Swali langu ni hili: lile guta halikuchangia?

SOMOE: Magunia mawili hayawezi kumaliza unga wa Magomeni.

BAKARI: Magunia mawili hayamalizi. "Kuna nini" ndiyo inayomaliza. Walioliona guta lako wakatoka na wao, mmoja mmoja, hadi usiku. Mwenye duka kaniambia mwenyewe: kwa siku moja kauza unga wa wiki nzima.

SOMOE: Nirudi nyuma kidogo, maana unasema kama vile mimi nimeamka tu nikapata hofu. Mei 2013, vurugu za gesi, watu wa hapa wakipinga bomba la kuipeleka Dar, wewe ulikuwa wapi?

BAKARI: Nilikuwa Songea, masomoni.

SOMOE: Mimi nilikuwa hapahapa, Rehema ana miezi mitano. Maduka yamefungwa, risasi zinalia, moshi unaingia hadi chumbani, askari wako barabarani. Ndani nina unga wa kupika mara moja. Mara moja! Nilikuwa mtu wa kununua kilo leo, kilo kesho, kama huyo mtoto wako wa mia nane. Siku ya pili nilikunywa maji ya chumvi ili maziwa yatoke. Siku ya tatu bibi mmoja jirani akanipitishia muhogo juu ya ukuta. Tangu siku hiyo nimeapa, sitalala tena na kilo moja ndani. Asiyekuwepo haniambii kitu.

BAKARI: Sikuambii usiwe na akiba. Nasema akiba inawekwa wakati wa utulivu. Mahindi ya Ruvuma yanavunwa Mei, Juni, Julai. Bei inashuka, malori yanashuka kwa barabara ya Tunduru na Masasi, unga umejaa. Ungenunua hapo, kilo tano leo, kilo tano wiki ijayo, hakuna jirani ambaye angekuuliza kuna nini.

SOMOE: Julai! Jamani wasikilizaji, mmemsikia? Julai pesa ya korosho iko wapi? Mnada unaanza Oktoba. Julai watu wa huku tunapalilia, tunapulizia mikorosho salfa kwa mkopo. Unataka ninunue chakula mwezi ambao sina kitu, na mwezi ninaokuwa nacho nikae kimya kwa sababu wakubwa wana ugomvi wao. Kusini nzima inanunua Novemba na Desemba, Bakari. Ndiyo kalenda yetu.

BAKARI: Hapo una hoja. Lakini Novemba nzima ilipita. Umenunua juzi, wiki ambayo kila mtu roho iko juu.

SOMOE: Pesa imeingia juzi!

BAKARI: Haya, tuliache hapo lipoe. Na kitu kingine: ulichonunua sicho. Unga wa huku unatoka Songea, barabara ni nyingine kabisa. Kinachokatika kwetu ni kinachopita Dar: ngano, mafuta ya kula, na mchanga. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, kilichoadimika kwanza ni nini? Sembe ilikuwepo.

SOMOE: Mchanga nimenunua. Kilo 10.

BAKARI: Bibi akisikia atakuja kuishi kwako.

SOMOE: Waeleze watu, maana kuna wageni.

BAKARI: Bibi yangu, mzaa mama, yuko Mikindani, miaka yake themanini na ushei. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukikutwa na bidhaa zilizofichwa umekwisha. Maduka yalikuwa matupu tangu vita vya Kagera, sabuni ya kupanga foleni, sukari ya kupimiwa. Bibi alikuwa na kilo nne. Nne tu, alizidunduliza miezi sita kwa ajili ya maulidi. Msako ulipoanza, watu pale Mikindani walikuwa wanabeba vitu usiku wanamwaga baharini. Babu akasema na sisi tukamwage. Bibi akakataa. Akatia kwenye chungu, akafukia chini ya mafiga, akawaambia watoto kile ni mchanga wa kusugulia sufuria. Mama yangu alikuwa darasa la pili, wakaogopa atasema shuleni. Ndiyo hadi leo Bibi hatamki lile neno. "Nitilie mchanga kijiko kimoja." Daktari alimuuliza anatumia sukari kiasi gani, akajibu situmii, natumia mchanga.

SOMOE: Mimi ninachompendea huyu bibi, hakumwaga.

BAKARI: Hakumwaga, na hakupita mtaani na guta!

SOMOE: Alificha kwa sababu kukutwa na akiba lilikuwa kosa. Mimi sina kosa. Nilipe pesa yangu halali nifiche kwa nini?

BAKARI: Na kingine. Akiba ya Bibi haikuwa ya dukani. Juu ya jiko ana dari, na pale juu kuna makopa, muhogo mkavu, mwaka mzima. Hadi leo. Moshi unapanda, wadudu hawakai. Muhogo wake, jua lake. Hakuna bei ya mtu iliyopanda kwa sababu ya dari la Bibi. Ungeniuliza mimi uweke nini, ningesema makopa gunia moja, mbaazi debe moja, umemaliza.

SOMOE: Watoto wangu hawali ugali wa makopa.

BAKARI: Hawajapikiwa ukapikika. Ugali wa makopa na kisamvu cha nazi, au na pweza...

SOMOE: Kaka, usinitajie pweza saa hizi. Lakini kwenye makopa umegusa jambo ambalo lazima nilisimamishe, maana mtu atatusikia kesho akakimbilia muhogo. Unajua konzo?

BAKARI: Najua jina. Ule ugonjwa wa miguu.

SOMOE: Shangazi yangu alikuwa nao. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili haina nguvu, na haiponi. Kinamama na watoto ndio zaidi. Ni muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka, na mboga ya maana hakuna. Ikija njaa au ukame watu hawasubiri, muhogo unamenywa leo, unaanikwa siku mbili, unatwangwa. Sumu yote imo ndani. Mkoa wetu huu wa Mtwara konzo imepita, vijijini, na ilikuja miaka ya shida. Kwa hiyo "muhogo ni akiba" ni maneno matamu, lakini muhogo haupendi mtu mwenye hofu.

BAKARI: Bibi anaroweka siku tatu, halafu anaanika hadi kopa ukilivunja linalia.

SOMOE: Bibi anajua. Anayeanza leo kwa sababu ya tarehe 9 hajui. Ipo na njia nyingine iliyofundishwa vijiji vya huku, ya unga wenyewe. Unachukua unga wa muhogo, unaulowesha maji, unautandaza mwembamba kwenye ungo au mkeka, usizidi unene wa kidole kilicholala. Unauacha juani kwa muda wa masaa mawili, au kivulini masaa matano. Ile sumu inapaa na hewa. Kisha unapika siku hiyohiyo, usiuweke. Shangazi alifundishwa hivyo akiwa tayari anatembelea mkongojo, na akawa anawafundisha wenziwe amekaa chini, ungo mapajani.

BAKARI: Hilo sikulijua.

SOMOE: Sasa unalijua. Na aliyeko Nanyamba au Tandahimba anisikie, muhogo mtamu wa kutafuna hauna shida hiyo kubwa, ni ule mchungu tunaoupanda kwa sababu nguruwe hawaugusi.

BAKARI: Ngoja, nguruwe hawaugusi, sisi tunaula?

SOMOE: Ukiutengeneza. Hujalima wewe, umekulia mjini.

BAKARI: Mikindani si mjini!

SOMOE: Mikindani kuna magofu ya Waarabu na boma la Mjerumani, huo si mji ni nini? Mwambie Bibi akupeleke shamba.

BAKARI: Bibi atanipeleka na kilo moja ya mchanga mfukoni. Angalia, dada, muda. Karatasi hapa ina mambo matano ya kumwambia msikilizaji. Tuko la kwanza.

SOMOE: La pili lilikuwa namna ya kuhifadhi. Haraka basi: gunia lisikae sakafuni, weka mbao, na lisigusane na ukuta. Mvua ndiyo hizi, ukuta wa Mtwara unatoa jasho. Dona msiweke, lina kiini cha hindi, mafuta yake yanachacha, ndani ya wiki chache linakuwa chungu. Sembe inavumilia zaidi.

BAKARI: Na fukusi?

SOMOE: Anika, chekecha. La tatu lilikuwa maji, la nne mkaa na gesi, la tano dawa za wazee wa presha.

BAKARI: Hilo la tano ndilo nililolitaka kuliko yote.

SOMOE: Mwenye chumba anagonga, watoto wa madrasa wamefika. Wiki ijayo.

BAKARI: Wiki ijayo tarehe 9 itakuwa imeshapita!

SOMOE: Basi mwenye mzee wa presha ndani amchukulie dawa zake kesho asubuhi. Hilo halipandishi bei ya mtu.

BAKARI: Asante. Sasa kabla hatujafunga. Gunia la kwanza lako, sina neno. La pili lifungue, uwapimie watu wa mtaa kwa 1,500 uliyonunulia, nusu kilo nusu kilo, hadi bei itulie.

SOMOE: Silifungui.

BAKARI: Kilo 25 tu, Somoe. Ni nyumba hamsini, kila moja na nusu kilo yake.

SOMOE: Na tarehe 12 maduka yakiwa bado yamefungwa, hizo nyumba hamsini zitakuja mlangoni kwangu tena, na mimi nitakuwa nimebaki na nini? Jirani akija kwangu na njaa hatatoka bila kitu, Mungu shahidi, mimi nilipitishiwa muhogo juu ya ukuta. Lakini nitatoa nikiona njaa. Kwa sababu bei imepanda tu, sitoi.

BAKARI: Yule mtoto aliyesimama pale dukani alikuwa na nini, kama si njaa?

SOMOE: Alikuwa na mia nane.

BAKARI: Hapana. Hapo hatuendi pamoja.

SOMOE: Hatuendi pamoja. Na bado nakupenda, kaka yangu.

BAKARI: Na mimi. Wanagonga tena. Haya, watoto, tunatoka! Bibi, kama simu umewekewa karibu, Ijumaa baada ya swala tunakuja wote wawili.

SOMOE: Nakuletea kilo mbili za mchanga, Bibi. Kwenye mfuko mweusi.